Waya wa silikoni namba 12: unabeba ampea ngapi kweli?

Haya wazee wa droni na magari ya rimoti, leo mezani nina waya huu wa silikoni, mwekundu na mweusi, umeandikwa 12 AWG, kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya. Wageni kumbukeni hizi namba zinaenda kinyumenyume, namba ikishuka waya unanenepa, 12 ni kama milimita za mraba 3.3 na 18 haifiki hata 1.

Betri yangu ni lipo (lithiamu polima) ya 2200, yaani ampea 2.2 kwa saa moja, na 30C ni mara 30 ya hapo, kwa maandishi inatema ampea 66, mimi navuta 40 tu. Naanza na 18, sentimita 20 kwenda, 20 kurudi... ona, muda kidogo tu, aisee haushikiki huu! Hapo wati kama 13 zinageuka joto la bure. Haya nafunga 12, urefu uleule, wati 3 na kidogo, vuguvugu tu kama chai iliyosahauliwa. Na ukishusha ampea nusu joto linapungua mara nne, siyo mbili, ndo maana 18 ileile kwa ampea 20 inatulia.

Sasa najua kuna mtu atasema mbona droni yangu ina waya mwembamba na haiungui. Kaka, betri hii kwa ampea 40 inakata dakika 3 na kitu, joto halidumu, tena waya unapigwa na upepo wa mapanga. Waya huohuo ufunge kwenye betri ya 10000, uuzungushie tepu uufungie ndani ya boksi, robo saa nzima, utanitafuta. Ganda la silikoni linavumilia hadi nyuzi 200 sawa, ila joto linatembea na shaba mpaka kwenye plagi na betri yenyewe, na lipo haipendi joto hata kidogo.

Halafu kuna hii rola nyingine, rahisi, nayo imeandikwa 12. Nimeikwangua na wembe... mnaona ndani kweupe? Alminiamu imepakwa shaba, inachemka karibu mara moja na nusu ya shaba tupu. Hii niliuziwa nikishangilia bei, mjinga mimi.

Huu wa kwanza nimeupitisha, ampea 40 mfululizo, 60 kwa muda mfupi tu. Fyuzi iwe karibu na betri, upande wa chanya. Na yule aliyeahidi kunikopesha betri ya 6S, ile ya seli sita, bado nasubiri.