TAHADHARI: Difu iliyonyamazishwa kwa vumbi la mbao

Mnaotafuta magari ya zamani yanayosukumwa na tairi za nyuma, muwe macho. Wapo wauzaji wanaoficha mlio wa difu (gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) na gia boksi kwa kuchanganya vumbi la mbao kwenye oili, au kujaza oili nzito kupita kiasi iliyotiwa grisi. Meno yaliyolika yanapata tandiko na mlio unazama kwa muda. Baadaye lile vumbi linaziba njia za oili, beringi zinakauka, na difu iliyohitaji beringi tu inadai krauni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha).

Muuzaji wa aina hii hukuruhusu mzunguko mfupi tu, oili ikiwa baridi. Mkatalie. Endesha angalau dakika 20 ndipo usikilize, maana oili ikipata moto huwa nyepesi na haifichi tena.

Kabla ya hapo, fungua nati ya kujazia oili na uchovye waya safi. Pakaza kwenye kitambaa cheupe juani. Ukiona nyuzinyuzi au chembe zisizong'aa, shuku mbao. Tope laini jeusi kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole si vya kawaida hata kidogo.

Barabarani, mguu wa mafuta ndio kipimo. Mvumo unaobadilika ukikanyaga na ukiachia unatoka kwa krauni na pinioni au beringi za pinioni. Mvumo usiojali mafuta lakini unaopanda ukikata kona kushoto, shuku beringi ya tairi ya kulia, kwa sababu uzito umehamia huko. Mgongano mmoja wa "ko!" unapoachia klachi ni kros za propela (viungio vya shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), au meno ya difu yaliyolegea. Gia boksi nyingi za zamani za gia nne hupitisha nguvu moja kwa moja kwenye gia ya 4, hivyo kelele ya 1, 2 na 3 inayotulia kwenye 4 inaonyesha shafti ya chini (inayobeba nguvu kwenye gia hizo nyingine) na beringi zake. Gari likiwa limesimama, kelele inayoanza ukikanyaga klachi ni ya rilizi beringi (beringi inayosukuma klachi).

Utapeli wa pili ni difu "iliyofanyiwa ovaholi": imepakwa rangi, ndani imeunganishwa krauni ya gari moja na pinioni ya jingine. Hizi husagwa pamoja kiwandani na huwa na namba za kulinganisha. Namba zikitofautiana, usinunue, hata kama inazunguka laini mkononi. Itapiga kelele ikibeba mzigo. Uliza pia uwazi kati ya meno ulipimwa ukawa kiasi gani. Difu nyingi hukaa kati ya milimita 0.13 na 0.20, ila kitabu cha gari husika ndicho mwamuzi. Fundi aliyeifunga kweli atakuwa na jibu, na kama difu hiyo hutumia bushi ya kubonyea (kibomba kinachobonyea pinioni ikikazwa), atakuwa ameweka mpya, kwani ile hutumika mara moja tu.

Kama umeshanunua na umekuta vumbi, usimwage oili ukaweka nyingine ukaendelea kuendesha. Mabaki hubaki kwenye beringi na kwenye mirija ya ekseli. Chomoa ekseli, toa difu nzima, osha kila beringi, kisha badilisha sili zote kabla ya kujaza oili mpya.