Sindano za thaimasi ya ndama wakati wa kemo: uzoefu wangu

Nilichomwa sindano za dondoo la thaimasi kwa miezi minne, mara mbili kwa wiki, nikiwa katikati ya kemo (tibakemikali) ya saratani ya matiti. Namwandikia anayezifikiria, maana mimi nilipotafuta habari zake nilikuta sifa tu.

Thaimasi ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Humo ndimo seli T za kinga hukomaa, nayo hunywea kadiri umri unavyosonga. Dondoo langu lilitokana na thaimasi ya ndama. Hilo kliniki haikuniambia. Nililisoma mwenyewe kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, baada ya sindano ya sita. Kutoambiwa huko kuliniumiza sana moyo. Wapo ambao imani yao haiwaruhusu kitu cha ng'ombe, na wapo wanaokumbuka kichaa cha ng'ombe. Mtu aambiwe kabla hajachomwa.

Kuchomwa kwenyewe hakukuwa na shida. Nesi alimimina maji kwenye kichupa chenye unga mweupe, akakizungusha taratibu viganjani bila kukitikisa, kisha akanichoma chini ya ngozi ya paja. Paliwasha, pakavimba kidogo, kesho yake pakatulia.

Je, zilinisaidia? Wiki za mwanzo nilipata nguvu, lakini ni wiki hizohizo nilizobadilishiwa dawa ya kichefuchefu. Daktari wangu wa saratani alinifungulia majibu ya damu: chembe nyeupe zilishuka baada ya kila kemo na kupanda kabla ya iliyofuata, vilevile kama kabla sijaanza sindano. Akanieleza kwamba mapitio ya 2011 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona ushahidi kuwa dondoo za thaimasi zilizosafishwa hupunguza vifo vya wagonjwa wa saratani.

Dondoo hili lisichanganywe na thimosini alfa 1, ambayo ni kitu kingine. Ni peptidi moja, yaani kipande kifupi cha protini, yenye asidi amino 28, iliyotengwa kwanza kutoka thaimasi ya ndama na kikosi cha mwanasayansi Allan Goldstein miaka ya 1970. Siku hizi hutengenezwa maabara, na nchi kadhaa zimeiidhinisha kwa homa ya ini B. Kliniki ilinionyesha makala za hii huku ikiniuzia lile dondoo, na hapo ndipo imani yangu kwao ilipoisha. Vichupa vilivyobaki, ambavyo nilishavilipia, sikuvirudia.

Aliyepandikizwa kiungo au anayetumia dawa za kuamsha kinga asiguse hizi bila daktari wake kujua. Mimi nilimficha wangu kwa wiki tatu. Alikasirika, na alikuwa na haki.