Uzoefu wangu na klabu ya madaraja ya chini Uingereza: taa zilizimika, heshima nayo ikazimika

Nilikuwa nimekusudia kuipa klabu hii nyota moja. Sitaitaja jina, ila inacheza katika Northern League, ligi ya kaskazini mashariki mwa Uingereza iliyoanza mwaka 1889, ambako wengi wa wachezaji hufika uwanjani wakitoka kazini.

Usiku mmoja wa majira ya baridi, mapumziko yakiwa yamekaribia, taa za upande mmoja zilizimika, zikawaka kidogo, kisha uwanja wote ukawa giza. Mwamuzi aliwatoa wachezaji, nasi tukabaki tunatetemeka bila tangazo lolote katika kipaza sauti, hata tukaja kujua kwamba mechi imevunjika pale tulipowaona wageni wakipanda basi lao.

Taa si kosa la mtu, mitambo huharibika. Kilichonichoma ni bwana mmoja mwenye koti la klabu, ambaye nilimwuliza kwa adabu mlangoni kama tiketi yangu ingepokelewa siku ya marudio. Bila hata kuinua macho kutoka kwenye fedha alizokuwa akizihesabu, alinijibu kwamba niichukulie pesa ile kuwa mchango wangu kwa klabu. Tangu lini mtu akachangishwa bila kuulizwa? Nilipojaribu kusema neno la pili, alinigeuzia mgongo. Mzee wa rika lake kwetu Tanga angalau angeanza kwa pole.

Hata hivyo, haki itendeke. Soka la huku chini lina raha ambayo Ligi Kuu haiwezi kuiuza. Mashabiki wa pande zote mbili husimama pamoja, na timu zinapobadilishana upande wakati wa mapumziko, nao huzunguka uwanja na kwenda kujipanga nyuma ya goli la wapinzani, ambako kipa husikia kila neno analotupiwa. Mtu hutazama mpira huku ameshika bia yake, jambo ambalo sheria ya mwaka 1985 inawakatalia watazamaji wa madaraja matano ya juu. Mama wa kibanda cha chai hufanya kazi bila malipo, na chai yake ni ya moto kwelikweli. Tena klabu hizi hushindania FA Vase, kombe la klabu za madaraja ya chini ambalo fainali yake huchezwa Wembley, uwanja wa taifa, kwa hiyo hata kijana anayepanga matofali mchana ana ruhusa ya kuiota nyasi ile. Kwa hayo yote nilishapanda hadi nyota nne.

Lakini klabu inayoishi kwa viingilio vya watu wachache namna hii ndiyo iliyopaswa kumthamini kila anayepita mlangoni pake! Barua pepe yangu haikujibiwa, na tangazo la mechi ya marudio lilipotoka, kiingilio kilikuwa kilekile, kwa kila mtu, wala hapakuwa na neno hata moja kuhusu sisi tuliogandishwa gizani. Basi ni nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya chai.

Marudio nilikwenda. Nililipa tena, nikasimama na mashabiki wa wageni, na wageni walipofunga nilipiga makofi kwa nguvu kuliko yeyote kati yao, nikiwa nimemwelekea yule bwana wa koti.