Karatasi ya pamba au ya mbao kwa kuchora asumini?

Kwenye rangi za maji, weupe wa asumini ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Ua hili la vikuba na harusi za Mombasa hubeba mapenzi na usafi, hivyo petali ikichafuka, maana nayo hupungua.

Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita mraba, yenye uso laini, hunyonya taratibu. Kivuli cha petali hujengwa kwa tabaka tatu au nne za kijivu chepesi mno, kila moja ikauke kabisa kwanza. Kwenye karatasi ya mbao, tabaka la pili hulivuruga la kwanza, na chini ya feni kingo hukauka upesi zikaacha mistari mikali. Lakini bei yake ni nafuu zaidi, na kosa hufutika kwa brashi yenye unyevu: kwa mazoezi ya majani naipendelea.

Unyevu wa pwani huziharibu zote; rangi huanza kuzama mabaka mabaka. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyonyonya unyevu.

Anayejifunza anunue ya mbao. Mwenye oda ya zawadi ya harusi, ya pamba.