Fomu ya kuingia: PHP tupu au Django?

Vijana ninaowafundisha kutengeneza tovuti mtaani Umoja, Nairobi, huniuliza waanze na ipi: PHP, lugha ya kuandikia tovuti, au Django, mfumo wa lugha ya Python wenye sehemu nyingi zilizokwisha kuandikwa. PHP tupu inakuonyesha kila hatua: fomu inatuma nenosiri, unalilinganisha na lililohifadhiwa, unafungua kikao, yaani tovuti inakumbuka kwamba mtu huyo ameshaingia. Hapo ndipo unaielewa kazi yenyewe. Ila usihifadhi nenosiri kama lilivyo, tafadhali! Tumia password_hash, amri ya PHP inayoligeuza nenosiri lisisomeke, iliyopo tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013, kisha password_verify kulihakiki mtu anapoingia.

Django inakuja na hayo yote tayari, pamoja na kinga dhidi ya fomu za kughushi, zinazotumwa kutoka tovuti nyingine kwa jina la mtumiaji.

Kwa kujifunza, nachagua PHP. Lakini tovuti ya duka la Gikomba lenye wateja halisi ningeijenga kwa Django, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inadai taarifa zao zilindwe.