Joka Jeupe na Meya Asiyefungua Mlango: Uzoefu Wangu na D&D Essentials Kit

Kila nikimwambia mtu naandaa kampeni, ananiuliza nagombea kata gani. Hapana jamani. Kwenye michezo ya kuigiza mezani, kampeni ni hadithi moja ndefu inayochezwa kikao baada ya kikao. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake, na dadu ndiyo inayoamua kama upanga umepata au umekata hewa.

Mimi nilitaka kampeni ya joka. Binamu yangu alipokuja likizo kutoka Marekani akaniletea D&D Essentials Kit, sanduku la mchezo wa Dungeons & Dragons lililotoka 2019 kwa dola 24.99. Ndani kuna kitabu cha kanuni kurasa 64, kitabu cha hadithi kurasa 64, dadu 11, ramani, kadi, karatasi tupu za wahusika, na ule ukuta wa karatasi ngumu ambao msimulizi anajificha nyuma yake. Nimelichezesha karibu miezi saba, Jumamosi usiku, sebuleni kwetu Tabata, kwa Kiswahili mwanzo mwisho.

Hadithi yake inaitwa Dragon of Icespire Peak. Joka jeupe, Cryovain, limehamia ngome iliyo juu ya mlima na eneo zima limevurugika. Kilichonikamata ni kwamba joka lenyewe halikai likakusubiri ukurasa wa mwisho. Msimulizi anarusha dadu ya pande 20, jedwali linamwambia leo limeruka kuelekea wapi. Kabla hujaliona, unakutana na walioguswa nalo. Mantikora, dubwana lenye mwili wa simba na mabawa, imeshuka kusumbua watu kwa sababu imefukuzwa milimani. Orki nao, majitu ya vita, wamepokonywa ngome hiyo, wanahangaika huku na huku. Hata mtu mkubwa wa mji wa Phandalin, Harbin Wester, anaongea na mashujaa akiwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Kitabuni hilo la mlango ni jambo dogo. Kwetu lilikula nusu saa nzima. Shemeji yangu, anayecheza kuhani mbilikimo, alipiga hodi. Nikajibu kwa sauti ya kutetemeka, "Mwenyewe hayupo!" Akauliza, "Sasa wewe unayejibu ni nani?" Nikasema, "Mimi mtoto." Akachungulia chini ya meza kama vile kweli kuna upenyo wa mlango pale, akasema, "Mtoto gani ana ndevu?" Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini joka linaogopwa.

Kosa nililifanya mimi. Kikao cha pili nikaona mambo yanachelewa, nikaliacha jedwali na kulishusha joka barabarani ili watu wapate msisimko. Wahusika wote walikuwa ngazi ya 1, mwenye afya nzuri ana pointi 12 za uhai. Joka jeupe changa lina 133. Pumzi yake ya baridi inafika futi 30 na inarushiwa dadu 10 za pande 8, wastani 45. Pumzi moja, watatu chini. Mdogo wangu akakunja karatasi yake taratibu, akaenda kuangalia mpira.

Ilibidi niwaombe radhi na tuanze upya. Safari hii nikaandika jedwali langu la pili, la dalili peke yake: kisima kimeganda asubuhi ya jua kali, ng'ombe wamerudi bila mchungaji, kivuli kimepita juu ya soko na hakuna aliyethubutu kuinua macho. Kwa vikao vitano waliona dalili tu. Siku nilipotamka "mnasikia mbawa," hakuna aliyekuwa ameshika simu.

Lugha nayo ilitaka kazi. Kuna aliyependekeza tuliite zimwi, nikakataa: zimwi la hadithi za bibi linakula watoto na linaongea kwa hila, wala haliruki. Joka kila mtu analijua, awe amelisikia kanisani kwenye Ufunuo au kwenye hadithi za nyoka wa pangoni. Tatizo likawa baridi. Jirani yetu ni fundi friji, akataka kujua joka linatoa wapi gesi. Nikamwambia avute picha amefungua friza ya samaki pale Feri, akaingiza kichwa, kisha mtu akamfungia mfuniko. Akatulia.

Ninachoona kimepungua ni Cryovain mwenyewe. Katika ulimwengu wa D&D, majoka meupe ndiyo yenye akili ndogo kuliko wenzao wa rangi nyingine, kwa hiyo ukitaka adui wa kula njama na kutuma barua za vitisho, huyu hakufai; chukua la kijani au la bluu. Mimi nilimtia uzito kupitia hazina yake. Ndani ya barafu niliweka bangili ya dada yake yule kuhani, aliyepotea tangu kikao cha kwanza. Shemeji hakurusha dadu kwa dakika nzima.

Kama ni wawili tu nyumbani, sanduku lina kanuni za mhusika msaidizi, msimulizi na mchezaji mmoja mnacheza vizuri. Kama hela hakuna, kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo huu zinapatikana bure mtandaoni, na takwimu za joka jeupe zimo humo. Utakachokosa ni hadithi na lile jedwali la pande 20, na kwangu hivyo ndivyo vilivyostahili bei.

Tulimaliza mwezi uliopita. Joka lilikuwa limebakiza pointi 4, likadondoka kwa mshale wa mdogo wangu, yule yule wa mpira. Anayetaka kuazima sanduku aje, ila dadu sasa ni 10. Ile ya pande nne imemezwa na kochi.