Nililipa niandikiwe wasifu, nikapewa wa mtu mwingine

Huduma yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Unalipa, wanakuandikia majibu ya yale maswali matatu ya kujitambulisha kwenye wasifu wako wa programu ya kutafuta wachumba. Mawili yangu yalikuwa makavu, ndiyo maana nikaenda. La tatu nililipenda: “Riwaya yoyote naanza na ukurasa wa mwisho. Nitetee au nishtaki.” Si fasihi kubwa, lakini watu walikuwa wanalidaka. Kuna aliyenisomea mashtaka manne, akaomba nifungwe maisha.

Mwandishi wao alianza kwa kulifuta hilohilo! Badala yake akaweka: “Napenda safari, kicheko na watu wakweli.” Nikamuuliza kwa adabu kabisa, sasa mtu akisoma hapa aniulize nini? Akanijibu, “Dada, si wewe uliyekuja kuomba msaada?”

Mpaka leo jibu hilo linanichoma. Nani hapendi kicheko? Nani ameshawahi kuandika kwamba anapenda waongo?

Wiki zilizofuata nilivuna “mambo”. Mambo, mambo vipi, niaje. Siwalaumu, ukuta hauna msumari, watundike nini? Aliyejitahidi sana aliniuliza safari yangu ya mwisho ilikuwa ya wapi, nikakosa la kusema. Mimi na safari wapi na wapi.

Haki yao niwape: kwenye picha walinishauri vizuri. Na huyo huyo mwandishi alisema neno la maana, kwamba jibu zuri humwachia msomaji kitu cha kubishia, sifa tupu hazibishiki. Sasa bwana, kama unalijua hilo, langu ulilifutia nini?

Halafu jioni moja nikakuta wasifu wa kaka mmoja. Safari, kicheko na watu wakweli. Neno kwa neno, hadi mkato. Nikamwandikia kwa hasira: “Na wewe walikula hela yako?” Jibu likaja papo hapo: “Walikula. Na nilikuwa nimeandika kitu kizuri kuhusu kuogopa lifti, wakakifuta.” Tuliwasengenya mpaka usiku wa manane.

Kwa hiyo nyota moja. Au mbili, maana bila uvivu wao nisingepata wa kuongea naye. Hapana, moja, na hiyo ni ya picha. Ukurasa wangu wa mwisho nimeurudisha palepale. Kaka wa lifti amejitolea kunitetea, ingawa utetezi wenyewe, jamani, ni dhaifu.